Siku Jemedari Ukungu Alipokuja Shuleni

Kila siku baada ya masomo, Nukta alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule: alivua sare, aliosha vyombo vya mchana, kisha aliketi mbele ya kompyuta ya kaka yake na kumwendesha Jemedari Ukungu. Mama alimruhusu acheze nusu saa tu. Lakini nusu saa ya Nukta ilikuwa na tabia ya kurefuka.

Jina la Nukta alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa alikuwa mfupi kuliko wote, na kwa kuwa akishasema neno lake mjadala ulikuwa umefungwa.

Jemedari Ukungu alikuwa shujaa wa gemu. Alikuwa bado kijana, lakini nywele zake zilikuwa nyeupe kama fedha na zilishuka hadi mabegani. Jicho lake la kulia lilikuwa la buluu, la kushoto la rangi ya dhahabu. Kovu refu lilitoka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Alivaa koti jeusi ambalo kola yake ilimfika masikioni, na mkono mmoja aliuvisha glavu ya chuma. Hakucheka kamwe. Alisema maneno manne au matano kwa siku, tena kwa sauti ya chini, na majitu yaliyosikia yalitimua mbio.

Jumatatu moja, mwalimu wa Kiswahili aliwapa kazi. Alikuwa mama mrefu mwenye miwani, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

"Mtaandika wasifu wa mtu mmoja wa nyumbani kwenu," alisema. "Nataka umbo lake na tabia yake. Na asiwe malaika. Kila mtu ana kasoro, nami niione. Mniletee insha Jumatano."

Nukta aliamua palepale kumwandika mjomba wake, mdogo wake mama, fundi bomba aliyekuwa akiishi nao. Lakini alipofika nyumbani alijiambia kwamba angecheza kidogo kwanza. Jumanne alijiambia vilevile. Alipofungua daftari hatimaye, mama alikuwa tayari anaandaa meza ya chakula cha jioni, na mjomba alikuwa sebuleni akivua viatu.

Nukta alimtazama. Aliona upara katikati ya kichwa na nywele chache zilizobaki pembeni, kama nyasi kando ya uwanja wa mpira. Aliona kitambi. Aliona mikono yenye grisi. Mjomba alikuwa akimsimulia mama habari za bomba lililoziba, na alianza kucheka mwenyewe kabla hajafika penye kichekesho.

"Huyu nitamwandika nini?" aliwaza Nukta.

Akaandika: "Mjomba wangu ana nywele nyeupe kama fedha." Baada ya hapo kalamu ilikwenda yenyewe. Macho, kovu, koti na glavu vikaingia vyote. Aliandika kwamba mjomba wake halali siku tatu mfululizo, na kwamba akijeruhiwa hula mkate mzima kwa mara moja, vidonda vikapona. Mwishoni alikumbuka kasoro. "Kasoro yake ni moja," aliandika. "Huingia nyumba za watu bila kubisha hodi na kuvunja mitungi yao akitafuta dawa."

Jumatano, mwalimu aliisoma insha ile kimya, akasukuma miwani juu ya pua, akaisoma tena. Kisha aliwasomea darasa zima. Wanafunzi walisikiliza vinywa wazi.

"Mjomba wako anaishi wapi?" aliuliza mmoja.

"Kwetu," alijibu Nukta, na papo hapo akajuta.

"Ijumaa ni siku ya wazazi," alisema mwalimu. "Insha tatu zitasomwa ukumbini, na kila aliyeandikwa ataketi mbele tumwone. Yako ni mojawapo. Ila kama una jambo la kuniambia kabla ya siku hiyo, mlango wa ofisi yangu uko wazi."

"Sina jambo, Mwalimu."

Alhamisi, Nukta alipita mbele ya mlango ule mara nne. Mara ya kwanza mwalimu alikuwa na mgeni. Mara ya pili alikuwa akinywa chai. Mara ya tatu na ya nne mwalimu alikuwa peke yake, hana hata kazi mkononi, na Nukta aliharakisha hatua kama mtu aliyechelewa basi.

Jioni alimfuata mjomba wake. "Mjomba, kesho kuna igizo shuleni. Tunahitaji mtu wa kuwa shujaa."

Mjomba aliweka spana chini. "Shujaa? Mimi?"

"Shujaa asiyesema wala kucheka."

"Hapo kwenye kutosema umenibana, mpwa wangu. Lakini kwa ajili yako nitajaribu."

Nukta akamweleza umbo lote la shujaa huyo, na mjomba aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Asubuhi ya Ijumaa alijipaka unga wa ngano kichwani, na kwa kuwa nywele zilikuwa chache, unga mwingi ulikaa kwenye upara. Alivaa koti la mvua la mama, ambalo halikufungika tumboni. Kovu alilichora kwa kalamu nyekundu, akitumia kioo, kwa hiyo lilipinda puani. Mkononi alivaa glavu ya mpira ya kuzibulia vyoo. Ilipofika zamu ya macho ya rangi mbili, alifikiri kidogo, akasema, "Moja nitalifumba. Watajua wenyewe."

Ukumbini aliketishwa mstari wa mbele, karibu na mwalimu mkuu. Alikaa wima, mdomo ameubana, jicho moja amelifumba. Mwalimu mkuu, aliyeona anakonyezwa na mtu asiyemfahamu, alivumilia kwa muda, kisha akasogeza kiti.

"Wazazi wapendwa," alisema mwalimu mkuu alipopanda jukwaani, "insha mtakazosikia zinahusu watu halisi, wa nyumbani kwa wanafunzi wetu."

Mjomba aligeuza shingo taratibu na kumtazama Nukta. Nukta alitazama viatu vyake.

Mvulana mmoja alisoma kuhusu bibi yake, na bibi alifuta machozi. Msichana mmoja alisoma kuhusu baba yake, dereva wa lori, na baba alipigiwa makofi. Kisha ikawa zamu ya Nukta. Alipanda jukwaani na karatasi yake.

"Mjomba wangu ana nywele nyeupe kama fedha," alianza.

Watu walimtazama mjomba. Chembe za unga zilikuwa zikianguka mabegani. Mtu mmoja nyuma alikohoa kwa namna ya kuficha kicheko. Nukta alisoma kovu, akasoma koti, akasoma mkate mzima. Kicheko kikaanza kusambaa safu kwa safu. Alipofika kwenye kasoro, mjomba alinyanyua ile glavu ya mpira.

"Samahani," alisema. "Nimevunja mitungi ya nani?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Ila mjomba hakucheka, na jambo hilo Nukta hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Alifumbua jicho lake lililofumbwa.

"Hili si igizo," alisema kwa upole. "Waliwaambia mwandike mtu wa nyumbani, ukaona mimi sifai."

Kicheko kilikatika. Nukta aliona kwamba bado angeweza kusema ni utani. Neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Lakini mjomba alikuwa akijifuta unga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetaka kuondoka bila kuonekana.

"Nimedanganya," alisema. "Huyu niliyemwandika ni Jemedari Ukungu, wa kwenye gemu. Nilicheza hadi muda ukaisha, nikaandika cha uongo. Na mjomba nilimdanganya pia. Nisamehe, Mjomba."

Mwalimu wa Kiswahili alisimama kando ya jukwaa. "Basi huyo tumemsikia," alisema. "Sasa tuambie aliyekaa hapo."

Nukta aliiweka karatasi chini.

"Mjomba wangu ana upara," alisema, "na kitambi. Mikono yake ina makovu madogo mengi, na sijui hata moja alilipataje. Akitengeneza bomba la mtu, kesho yake hurudi bila kuitwa, kuangalia kama bado linavuja. Nilipolazwa hospitali mwaka jana, alikaa nami siku tatu akinichekesha, mpaka muuguzi akamwomba apunguze sauti kwa sababu wagonjwa wengine walikuwa wanashika mishono yao kwa kucheka." Alimgeukia mjomba. "Kasoro yake ni kwamba huanza kucheka kabla hadithi haijaisha. Na viatu vyake vinanuka."

Aliyecheka kwanza, na kwa nguvu kuliko wote, alikuwa mjomba mwenyewe. Unga uliobaki ulirushwa hewani na sehemu yake ikatua kwenye suti ya mwalimu mkuu.

Baadaye, mwalimu wa Kiswahili aliwaita wote wawili ofisini.

"Nilijua tangu Jumatano," alisema. "Mwanangu amebandika picha ya jemedari huyo juu ya kitanda chake. Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe. Nilikuona ukipita, mara nne."

Nukta aliinamisha kichwa.

"Kumpenda shujaa wa gemu si kosa. Hata mimi koti lake nalipenda. Kosa lako ni kwamba uliacha kazi hadi dakika ya mwisho, ukaficha uvivu kwa uongo, na uongo ule ukataka mwingine wa kuusaidia. Ungesema kweli Jumatano, ungeona aibu dakika moja mbele yangu. Ulipochelewa, aibu iliongezeka, na nusu yake akabebeshwa mtu asiyehusika. Tena ulimtazama mjomba wako ukadhani umemwona. Mtu humjui kwa kumtupia jicho akivua viatu."

"Hapo kwenye viatu, Mwalimu," alisema mjomba, "mtoto amesema kweli."

Mwalimu alimpa Nukta hadi Jumatatu kuandika insha upya, kurasa mbili, kila neno la kweli. Jioni ileile Nukta alivuta kiti karibu na mjomba, akafungua daftari, akamgusa kovu moja juu ya kiwiko.

"Hili ulilipata wapi?"

Mjomba alijiweka sawa kitini na kuanza kusimulia, akicheka tangu sentensi ya kwanza. Kutoka chumba cha pili kaka yake Nukta aliita kwamba kompyuta iko wazi, nusu saa imeanza kuhesabiwa.

"Nisubiri," alijibu Nukta bila kuinua kichwa, kalamu ikikimbia. "Ndiyo kwanza ametumbukia kwenye tangi."