Sauti ya Kiti cha Nyuma

Mimi ni msemaji, sifichi. Nikiwa na mtu nyuma ya pikipiki siwezi kunyamaza hata nusu saa. Madereva wenzangu pale mjini Hue wameniita Redio, na rafiki yangu Quoi husema afadhali redio, maana ile unaweza kuizima. Kazi yetu ni kuwatembeza wageni kwa siku moja. Asubuhi tunawachukua Hue, tunafuata pwani, tunapanda mlima wa Hai Van pale milima inaposhukia baharini, kisha jioni tunawatua mji wa Hoi An, upande wa pili. Kiingereza changu ni cha kuonyesha chakula na choo tu. Kikiniishia, naongea lugha yangu. Nawamwagia wageni kila kitu: ugomvi wangu na mama mkwe, ndoto zangu, aibu zangu. Wao huitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na mimi jioni narudi na moyo mwepesi.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Laiti ungeniponzea kichwa changu mwenyewe.

Mwaka ule mke wangu Thuyen alikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa ya tatu. Mbili za mwanzo ziliharibika, na ya pili iliharibika tukiwa tumeshashona nguo. Hii ya tatu hatukuishonea kitu, wala hatukuitaja kwa sauti. Mama mkwe alihamia kwetu na sheria zake. Asiende mtu mazishini. Asipige mtu msumari ukutani. Na mimi, kila nikirudi kutoka barabarani, nisiingie ndani kabla sijaruka moto wa majani makavu aliouwasha kwenye beseni la bati mlangoni, ili kilichonidandia njiani kibaki huko huko nje. Nilikuwa nacheka, lakini naruka.

Jioni ya kuamkia siku ya mkasa wenyewe nilitoka kununua vijiti vya udi na pakiti ya sigara. Sigara si zangu. Kwenye kona za Hai Van kuna vibanda vidogo vya waliokufa ajalini, na dereva mwenye adabu akipita hupiga honi, huwawashia udi na kuwaachia sigara moja inayowaka. Niliporudi mama mkwe alinisihi niiache ile barabara mpaka mtoto azaliwe. Nikamwambia wali haujipiki. Akaniambia basi angalau nifunge domo langu, kitu kisichofika mkononi hakitangazwi.

Mgeni wangu alikuwa mama wa Kinorwe, Marit, miaka sitini hivi, mrefu kama mlingoti, kamera shingoni. Mtu mzuri. Tulikula chaza pale Lang Co, chini ya mlima, tukitazama bahari, kisha tukapanda mlima. Jua lilikuwa kali. Kule juu, kwenye malango ya kale ya matofali, tulikunywa kahawa kwa Bibi Lieu, anayeuza pale tangu sijaoa. Marit akasema anataka kushuka kwa miguu apige picha. Tukapatana nitangulie na pikipiki, nimsubiri kwenye daraja la chini, mwendo wa dakika ishirini.

Sasa sikiliza. Madereva wa mlima ule tuna kanuni moja ambayo hakuna anayeivunja. Ukienda na kiti kitupu, kunja vikanyagio vya abiria. Ukiviacha vimefunguka, umeshamwekea mtu mahali pa kukanyaga. Quoi, ambaye haamini hata utabiri wa mvua, hukunja vyake.

Mimi sikukunja. Nilijiambia ni dakika chache tu, Marit atapanda tena. Uvivu tu, basi.

Kona ya kwanza, jua. Ya pili, jua. Ya tatu ukungu ukapanda kutoka baharini na kunifunika mzima mzima. Sikuona tena bonde wala bahari, nilibaki na mita tatu za lami mbele ya taa. Nikapunguza gia. Nikasikia harufu... udi uliolowana, na nyuma yake kitu kama nguo zilizokaa kwenye maji siku nyingi. Pale pana kibanda. Nilipiga honi. Sikusimama. Kusimama kwenye kona kwenye ukungu ni kujitafutia lori.

Ndipo pikipiki ikabonyea nyuma.

Taratibu, kama mtu anavyopanda kwa heshima. Kisha mikono miwili ikashika jaketi langu kiunoni, kushoto na kulia. Sikuogopa. Nitakuapia hilo. Nilicheka, nikidhani Marit kwa miguu yake ile mirefu amekata njia ya mkato, ukungu umemtisha, kanidandia nilipopunguza mwendo. Nilitazama kioo cha pembeni, kimejaa matone. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama yuko salama. Mikono ikabana kidogo.

Basi nikaanza kuongea.

Nikaongea lugha yangu, kwa sababu nilikuwa na ukungu mbele na wasiwasi moyoni, na wasiwasi wangu hutokea mdomoni. Nilimwambia kuhusu Thuyen. Nilimwambia kuhusu mimba zile mbili. Kwamba hii ina miezi saba, kwamba nikisikia simu inalia naomba dua kabla ya kuipokea. Nyuma yangu nikasikia "mh." Nikaendelea. Nikamwambia tunakaa Hue nyuma ya soko la Dong Ba, geti la buluu, kando ya fundi wa majenereta. "Mh." Nilimwambia kwamba mchana Thuyen hulala kwenye chumba cha mbele, dirisha wazi, kwa ajili ya joto. Sikujiuliza mbona "mh" zake zinaangukia pale pale zinapotakiwa.

Tulipokaribia daraja nilimalizia kama tunavyomalizia sisi sote. Kwetu, ukiachana na mtu unamwambia siku ukipita karibu na nyumbani, ingia tule wali. Ni adabu tu. Hakuna anayekuja. Anayeambiwa hujibu ahsante, nimeshiba, na kila mtu hushika njia yake. Nimewaambia hivyo wageni mia.

"Dada," nikasema, "siku ukipita karibu na nyumbani, ingia tule wali."

Injini tu.

"Ahsante, kaka," ikasema sauti shingoni kwangu. "Nitakuja."

Ilikuwa lugha yetu. Lafudhi ya Hue, ya watu wa mtoni, kama ya mama yangu. Sauti ya mwanamke aliyechoka sana. Ilikuwa karibu na sikio, na haikuwa na pumzi.

Nilikanyaga breki mpaka tairi la nyuma likaserereka. Nilishuka, au nilianguka, sijui. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Pikipiki nzima ilikuwa inatiririka maji ya ukungu: tangi, usukani, mizigo ya Marit. Kiti cha nyuma tu ndicho kilichokuwa kikavu, sehemu ya kukalia mtu mmoja. Niliweka kiganja. Kiti kilikuwa baridi mno. Nikasimama pale nikitazama matone yakianza kukiangukia, moja moja, mpaka nacho kikalowana.

Nilipiga simu nyumbani. Mama mkwe akapokea kwa kunong'ona. Thuyen amelala, mambo yote sawa, nina nini? Nikamwambia asimfungulie mtu yeyote. Akauliza nimesema nini na nimemwambia nani. Nikamweleza. Nilitegemea matusi. Alikata simu tu, na hilo liliniogopesha kuliko matusi.

Marit alitokea baada ya robo saa, kutoka juu, kwa miguu, akipiga mluzi. Aliponiona mluzi ukakatika. Kiingereza chote kilinitoka kichwani. Nikasema: mke, mtoto, nyumbani. Nikaonyesha tumbo. Yule mama hakuuliza Hoi An wala hoteli. Alivaa helmeti, akapanda, akaonyesha kidole nyuma, Hue. Sitamsahau mpaka nife.

Juu mlimani nilisimama mara moja kwa Bibi Lieu, kwa sababu ilinibidi nijue. Nilimsimulia huku nimeshika meza. Alisema yupo mmoja pale kona ya tatu, mke wa mvuvi wa mtoni, aliyeanguka na basi zamani akiwa na mimba pevu. Wengine wamemsikia akiguna, wengine wamembeba kona mbili tatu. Hajawahi kumuangusha mtu.

"Anataka nini?" nikauliza.

"Huingia anapokaribishwa," akasema Bibi Lieu. "Kumbe na wewe ukamkaribisha."

Kutoka pale mpaka Hue sikufungua mdomo. Mwendo wa saa tatu nzima, hata neno moja. Marit mara mbili alinigusa bega kuona kama ni mzima.

Tulifika giza linaingia. Mama mkwe alikuwa ameketi chini, katikati ya geti la buluu, beseni la moto mbele yake, uso umejaa moshi na macho mekundu. Hakuinuka tangu simu yangu. Aliapa hakupita mtu, paka hakupita, upepo haukupita. Niliruka ule moto mara tatu kwa hiari yangu. Marit naye akaruka, bila kujua kwa nini.

Thuyen alikuwa ameketi kitandani chumba cha mbele, mikono juu ya tumbo, anatabasamu na analia. Nilimuuliza ana nini. Akaniambia nisikasirike, kuna jambo amenificha. Mtoto alikuwa hachezi tangu juzi. Siku mbili, hajasogea hata kidogo. Alijua maana yake, alishayaona mara mbili, lakini hakuwa na ujasiri wa kutuambia.

"Mchana nikapitiwa na usingizi," akasema. "Nikaota mwanamke amesimama hapo dirishani, nguo zinachuruzika maji. Akasema mume wangu amemwalika. Nikamwambia kama umealikwa, karibu ndani."

Nilimuuliza akaenda wapi. Niliisikia sauti yangu ikiuliza.

"Sijui. Niliamka mtoto anacheza."

Akaushika mkono wangu akauweka tumboni. Chini ya kiganja changu kitu kiligeuka, kikapiga teke la nguvu. Nguvu mno. Thuyen akacheka kwa furaha. Mimi nilikuwa nasikia baridi ile ile ya kiti, na nikacheka pia, ningefanya nini?

Binti alizaliwa siku yake ilipotimia, mzima, kilo tatu na nusu. Tulimpa jina Hoai. Hakulia alipotoka. Mkunga alisema alifumbua macho na kuangalia chumba chote polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba amefika mahali penyewe.

Alipotimiza mwezi tulipanga vibakuli kumi na viwili vya uji mtamu kwa wakunga kumi na wawili wa mbinguni, wanaomfinyanga mtoto tumboni, kama ada inavyotaka, na mama mkwe akamleta Mzee Nghi, anayeshughulika na mizimu. Nilijua tangu asubuhi kwamba hakuitwa kula uji. Alimshika mtoto, akamtazama, na mtoto akamtazama. Walitazamana muda mrefu, na aliyeinamisha macho ni mzee. Alinivuta uani.

Alisema anaweza kumtoa aliyeingia. Ni kazi ya asubuhi moja, jogoo, mchele na chumvi, na mwanamke yule atarudi mlimani kwake. Hilo analiweza vizuri. Kisha akawa anafuta mikono yake, anaifuta tu, hamalizi.

"Lakini siwezi kukuahidi," akasema, "kwamba humo ndani kuna mwingine atakayebaki."

Ndani nilimsikia Thuyen akimwimbia. Miaka sita nilingoja kuusikia wimbo ule nyumbani kwangu. Nilimshukuru mzee, nikamfungia uji kwenye chombo aende nao, nikamsindikiza getini. Mama mkwe hakunisemesha mpaka alipohama. Thuyen hakuniuliza mzee alisema nini. Nadhani alijua kabla yangu, tangu ule mchana.

Hoai ana miaka minne. Ana akili, ana adabu, hula wali wake wote. Haugui. Hapendi kukaa karibu na moto, na wakati mwingine nikiingia ghafla namkuta ameketi peke yake, miguu pamoja, mikono mapajani, amechoka kwa namna ambayo mtoto hachoki. Akiniona hubadilika haraka, hukimbia, hunirukia. Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Mimi namuogopa binti yangu. Na akichelewa kutoka shule ya chekechea hata dakika tano, natoka mbio barabarani bila viatu, nikimwita.