Maua ya Saa Nne Kaburini kwa Saturnino

Paska aliamka jua likiwa halijatoka. Akapiga ishara ya msalaba, akasikia ufagio nje. Shwa, shwa, shwa. Ni mama mkwe wake, mzee Driciru, alikuwa akifagia kaburi la mwanawe.

Kaburi la Saturnino, mume wa Paska, liko mbele ya nyumba yao hapa kijijini Lobule, Uganda. Kutoka mlangoni ni hatua kumi tu. Ni la simenti na lina msalaba. Ni mwaka wa nne sasa tangu Saturnino azikwe, na Driciru hajaacha kufagia hata asubuhi moja. Anaanza juu ya simenti, anazunguka pande zote, kisha anausukuma uchafu mpaka chini kabisa ya uwanja. Wageni wakifika wanasema, "Hapa safi."

Safi kweli. Lakini udongo wa kando ya kaburi ulikuwa unapungua. Mvua ikinyesha, maji yalipita pale na kuchimba. Kwenye pembe moja, mkono wa mtu uliweza kuingia chini ya simenti.

Mwezi wa kumi alikuja Obitre, kaka mkubwa wa marehemu. Yeye anakaa Onduparaka, Arua. Aliinama penye ile pembe, akaingiza fimbo ndani ya tundu.

"Shemeji, hii mbaya," alisema. "Mvua mbili, tatu, kaburi ya ndugu yangu inaanguka."

"Nimeona."

"Mwezi wa nne tuko na misa ya kumbukumbu. Mimi nauza ile ng'ombe, tunanunua simenti, tunamwaga uwanja mzima mpaka mlangoni."

Paska alimtazama ng'ombe aliyefungwa nyuma ya jiko. Ni huyo aliyewapa maziwa wanawe, Concy na wadogo zake, na hawakuwa na mwingine.

"Ningoje mpaka mwezi wa nne," Paska alisema. "Ukikuta udongo bado unaliwa na mvua, uza. Ukikuta umeshika, ng'ombe anabaki."

"Utashikwa na nini? Na rozari?"

"Rozari nitasali. Na mikono ninayo."

Obitre akacheka. Lakini alikubali.

Paska alikuwa na jambo moja akilini. Alikuwa ameona maua mafupi nyumbani kwa Stella Kiden, mwanakwaya mwenzake wa zamani anayekaa Ediofe, Arua. Maua yale yalilala chini kama mkeka, mekundu, ya njano na ya waridi, kwenye ukingo wa uwanja. Mvua kubwa ilikuwa imepita, lakini udongo wa chini yake haukutoka.

Jumapili iliyofuata Stella alimkatia rundo la vijiti. "Maua ya saa nne haya," alisema. "Asubuhi yamefumba. Jua likipanda, saa nne hivi, yanafunguka. Chomeka tu, dada. Hayana kazi."

Paska hakuamini kwamba duniani kuna kitu kisicho na kazi. Alichimba kuzunguka kaburi, akaweka samadi mbichi ya mbuzi, akachomeka vijiti. Kila jioni alivimwagia maji aliyooshea vyombo. Siku ya kumi vijiti vyote vilikuwa vyeusi, laini, vinanuka.

Siku hiyo mzee Kamisi alikuwa akipita na baiskeli yake akitoka sokoni Koboko. Kamisi ni jirani. Zamani alikuwa mwanajeshi, na kambini kwao yeye ndiye aliyetunza maua mbele ya ofisi ya mkubwa. Aliegemeza baiskeli, akaangalia.

"Mama Concy, hii ulikuwa unapanda ama unapika supu?"

"Cheka tu, Afande. Nimefanya kila kitu."

"Ndiyo shida. Umefanya kila kitu." Aliinua kijiti kimoja, akakiminya. Maji yakatoka. "Unaona? Hii jani iko nene. Inaweka maji yake ndani. Ukiongeza kila siku, mizizi inaoza. Na samadi mbichi inachoma. Na hii maji ya sabuni, unataka kuifulia nguo?"

Paska akauliza, "Nifanye nini? Niambie moja moja."

Kamisi alichuchumaa. Alipenda kuulizwa.

"Kata kijiti, urefu kama kidole yako. Weka kivulini siku moja, ile kidonda ya kukatwa ikauke. Udongo yako uchanganye na mchanga, maji ipite haraka. Samadi hapana. Chomeka, acha shubiri moja katikati ya kijiti na kijiti. Mwaga maji kidogo siku hiyo. Halafu uiache."

"Niiache mpaka lini?"

"Ingiza kidole ndani ya udongo. Kama chini iko na ubaridi, enda zako. Kama iko kavu kabisa, mwaga kidogo. Ikishika mizizi, hata kiangazi haikusumbui. Tena hapa iko vizuri, jua inapiga mchana mzima. Kivulini haitoi maua."

"Na kuku?"

"Kuku anaipenda sana. Weka matawi ya miiba juu, wiki tatu."

Paska alirudi kwa Stella, akaleta vijiti vingine. Akafanya kama alivyoambiwa, moja moja. Jioni aliweka miiba, akasali, akalala.

Asubuhi alitoka nje. Miiba ilikuwa imesukumwa pembeni. Kuzunguka kaburi palikuwa peupe, na mistari ya ufagio ilionekana vizuri. Vijiti vyote vilikuwa chini ya uwanja, pamoja na majani makavu.

"Mama," Paska alisema taratibu, "umefagia maua yangu."

"Nimefagia uchafu," Driciru alijibu.

"Mama, pale kando ya kaburi, naomba usifagie tena."

Driciru alisimamisha ufagio wake kama mkuki. "Mimi nilizaa huyu mtoto. Siku nikiacha kufagia, watu wa Lobule watasema Saturnino alikufa mara mbili."

Akaingia nyumbani kwake. Siku tatu hakusema na Paska. Chakula alikula, salamu hakuitikia. Lakini ufagio ulisikika kila asubuhi.

Paska hakumgombeza. Aliangalia tu. Siku ya nne, wakati mzee akifagia, Paska alifuata ule uchafu kwa macho kutoka kaburini mpaka chini. Akashuka kule uchafu unakoishia. Alipofika, akasimama. Mbele yake kulikuwa na lundo la udongo mwekundu, refu kufika gotini.

Alirudi, akamshika mama mkwe mkono. "Mama, njoo. Nataka kukuonyesha kitu."

"Niache, niko na kazi."

"Ni kwa sababu ya hiyo kazi."

Wakashuka pamoja. Paska alichota udongo kwa viganja viwili. Uwanja wao ni wa udongo wa kijivu. Udongo mwekundu ulitoka chini sana, siku wanaume walipochimba kaburi, nao wakaujaza kuzunguka simenti. Hakuna mahali pengine ulipotoka.

"Mama, hii udongo ni ya wapi?"

Driciru aliutazama. Akauchukua, akausugua kwa vidole.

"Ni ya Saturnino," alisema.

"Mvua inachukua nusu. Nusu nyingine tunabeba sisi, kidogo kidogo, kila asubuhi."

Mzee aliketi juu ya jiwe. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kona ya kitenge.

"Leta beseni," Driciru alisema mwishowe. "Irudi nyumbani."

Siku mbili walibeba udongo ule. Walijaza tundu la pembeni, wakashindilia kwa mchi mpaka ukawa mgumu. Juu yake waliweka tabaka la udongo uliochanganywa na mchanga. Kamisi aliposikia alikuja na mawe kwenye baiskeli.

"Kambini tulikuwa tunapanga mawe namna hii," alisema. "Ufagio inafika kwa mawe, inasimama. Hata kama ni ufagio ya mkubwa."

"Na ndani ya mawe?" Driciru aliuliza. "Majani mabaya ikiota?"

"Ndani ni mkono tu, mama. Unang'oa na vidole."

"Basi hiyo ni yangu," mzee alisema. Akapanga mawe mwenyewe, akikataa kusaidiwa.

Walichomeka vijiti mara ya tatu, mwishoni mwa mvua za mwezi wa kumi na moja. Miiba ikakaa wiki tatu. Krismasi ilipofika, vijiti vilikuwa vimetambaa na kushikana. Kisha kiangazi kikaja. Foleni ya pampu ikawa ndefu, watu wakagombania maji. Paska hakubeba jerikeni hata moja kwa ajili ya maua. Aliingiza kidole tu kwenye udongo, na kila baada ya siku nyingi akamwaga kikombe hapa na pale. Matawi yakirefuka na kukonda, Driciru aliyakata ncha. Ncha zile alizichomeka mahali palipokuwa wazi. Saa nne ya asubuhi kaburi lilizungukwa na rangi, na nyuki walikuja.

Mwezi wa nne, siku mbili kabla ya misa, Obitre alifika. Hakuja peke yake. Alikuja na Shafik, mchuuzi wa ng'ombe wa Koboko, mwenye kamba mkononi. Paska aliiona ile kamba. Hata kabla ya salamu kuisha, mvua ya kwanza kubwa ikapasuka juu yao. Wote wakakimbilia ndani.

Walisimama mlangoni wakitazama. Maji ya kijivu yaliteremka uwanjani, yakagonga mawe, yakagawanyika pande mbili, yakapita. Mengine yaliruka mawe na kuingia kwenye maua. Pale yakapungua mbio, yakazama. Paska alikuwa anasali bila kutoa sauti.

Mvua ilipokatika, Obitre alitoka na fimbo yake. Akaenda moja kwa moja kwenye ile pembe. Akasukuma. Fimbo haikuingia. Akasukuma tena kwa nguvu.

"Toa viatu yako kwa maua," Driciru alimwambia.

Obitre akarudi nyuma hatua moja. Alizunguka kaburi lote, polepole, akiangalia chini.

"Shemeji," alisema, "nilisema mwezi wa nne."

"Ndiyo, ulisema."

"Imeshika." Akamgeukia mchuuzi. "Shafik, samahani. Ng'ombe hauzwi."

"Mimi nimelowa bure?" Shafik aliuliza. "Nimetoka Koboko yote hii, narudi na kamba tupu?"

"Hurudi mikono tupu," Driciru alisema. Aliinama, akavunja vijiti saba vya maua, vya urefu wa kidole, akavifunga kwenye gazeti. "Peleka kwa bibi yako. Leo usipande. Mwambie aweke kivulini mpaka kesho. Kwako kuku iko?"

"Iko, mama. Kumi na mbili."

"Basi keti," mzee alisema, akamvutia kiti. "Bado sijamaliza."