Anayemgeuza Bosi

Fundi alimnyonyesha mwanawe, akamlaza chali, akarudi kwenye cherehani. Akashona mkono mmoja wa shati. Alipogeuka, mtoto alikuwa kifudifudi, pua imezama kwenye godoro.

Akamlaza chali tena, akaita, "Mama! Bosi amejigeuza!"

Bosi ndilo jina walilompa, kwa jinsi alivyowaamrisha kwa kilio. Hata miezi mitatu hakuwa nayo. Mama mkwe akaja mbio na mikono ya unga, akacheka mpaka akakaa chini. "Ana haraka kama baba yake dereva! Kesho atadai funguo za lori."

Lakini nakwambia, kila walipokaa kumtazama, Bosi alilala kama gunia la viazi. Hata bega halikuinuka. Wakigeuza shingo tu, kifudifudi! Na chumba kinanuka maziwa yaliyoungua, ilhali jikoni hakuna moto.

Fundi akampeleka kliniki. Nesi akamshika, akamgeuza huku na huku.

"Mlaze chali kila usingizi, mchana na usiku. Godoro gumu, bila mto, bila blanketi, na usimviringishe kwa shuka. Akishajua kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, hapo mwache alale atakavyo. Ila huyu bado, mama. Shingo yenyewe haijakaza." Nesi akashusha sauti. "Sasa nani anamgeuza?"

Mama mkwe hakungoja, akaita mganga. Akaja mzee mpole, akavua viatu mlangoni, akakaa kando ya kitanda cha mtoto tangu asubuhi mpaka adhuhuri, midomo ikimcheza, akibembelezana na mtu ambaye wao hawakumwona. Alipoinuka, shati lilikuwa chapachapa kwa jasho.

"Ni jini jike," alinong'ona. "Alikuwa na mtoto. Alimlaza kifudifudi, akampapasa mgongo, mtoto akalala. Hakuamka tena."

"Sasa anataka kuniulia wangu?"

"Laiti angetaka, mwanangu. Mwenye chuki ningemfukuza. Huyu anampenda."

"Basi mwambie amlaze chali! Si ni mama kama mimi?"

"Nimemwambia asubuhi nzima. Akikubali kwamba kulala kifudifudi kunaua, atakuwa amekubali kwamba wake alimuua mwenyewe. Hawezi." Mzee akavaa viatu vyake. "Msimwache mtoto peke yake."

"Mpaka lini, baba?"

Mganga alikuwa ameshafika barabarani.

Wakaanza zamu, mmoja analala, mwingine anakodoa macho, hadi siku ya tano mama mkwe alipoanguka sakafuni, majirani wakambeba hadi hospitali, na baba mtoto yuko safarini na lori, simu haipatikani, basi Fundi akabaki peke yake saa tisa ya mchana, jua limejaa dirishani, watoto wa jirani wanacheza mpira uani, naye amepiga magoti kando ya kitanda, kiganja juu ya kifua cha Bosi, anahesabu pumzi, moja, mbili, anajifinya paja, tatu, kope nzito kama mawe, nne, akahisi kidole chake cha mwisho kinainuliwa, kisha kinachofuata, kimoja kimoja, taratibu, kwa huruma, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake aliyechoka, akataka kupiga kelele, mdomo ukakataa, akataka kufumbua macho, yakakataa, na sauti tamu ya mama ikamwambia sikioni:

"Pumzika, dada. Namlaza mimi."