Tumbo la Kafupi

Kila alipotoka shuleni, Maombi alivaa sandali kuukuu, akaziba pua kwa vidole viwili, akashuka nyuma ya nyumba kumhudumia Kafupi. Afadhali angepewa choo akisugue.

Kafupi alikuwa mbwa wa aina ya korgi: mwili mrefu, masikio yaliyosimama, na miguu mifupi hata tumbo likakaribia kugusa ardhi. Maman Sophie, rafiki wa mama yake Maombi, aliwaachia mbwa huyo alipohamia Kinshasa. Aliwaeleza kwamba aina hiyo ililelewa kuchunga ng'ombe Ulaya; mbwa hao huwauma ng'ombe visigino kidogo, na mateke hupita juu yao kwa sababu ya ufupi wao. Mtaani kwao, Bagira, hakukuwa na ng'ombe, kwa hiyo Kafupi aliwachunga kuku wa jirani, na Guy, mdogo wake Maombi, aliyezuiwa na mbwa huyo kila aliposogelea barabara.

Guy alimpenda sana. Maombi hakumpenda. Manyoya yake yaliruka mpaka kwenye bugali. Alikuwa mlafi, alimeza hata maganda ya ndizi yaliyooza, kisha akayatapika mlangoni. Mvua ilipoanza, matope yaliganda tumboni pake pamoja na mavi ya kuku.

"Angalia tumbo lake," baba yake, Papa Modeste, alikuwa amemwagiza. "Liko chini sana. Lioshe, likaushe, ulichane kila siku."

Maombi alijaribu, hadi siku kupe aliyejaa damu alipopasukia kati ya vidole vyake. Alikimbia akipiga kelele. Tangu hapo alimmwagia Kafupi maji mgongoni tu, akakoroga sabuni kidogo kwenye ndoo, akarudi ndani.

"Umemwosha?" mama aliuliza.

"Ndiyo, maman. Nilishamaliza."

Mgongo ulikuwa umelowa. Nani angeinama kutazama chini?

"Yaya, Kafupi iko ananuka," Guy alimwambia dada yake siku moja.

"Mbwa wote wananuka. Toka hapo!"

Asubuhi ya Jumamosi Kafupi, yule mlafi, alikataa chakula. Alilala chini ya ngazi akijitafuna tumbo, nzi wakimzunguka. Papa alimgeuza chali. Manyoya ya tumboni yalikuwa yameshikana kuwa ganda jeusi. Alipoliinua kwa kijiti, usaha ulitiririka, na ndani ya kidonda mabuu meupe yakajipindapinda. Maombi aliegemea ukuta akatapika chai yote.

Walimfunga kwa kitenge cha zamani, wakampeleka kwa Priscille, daktari wa mifugo aliyefanya kazi karibu na soko.

"Mshike kifua na matako pamoja," daktari alimwambia Maombi. "Mgongo mrefu hivi unaumia upesi." Kisha akainama kutazama kidonda. "Nani anamwosha?"

"Binti yangu," papa alijibu. "Kila siku."

Daktari alikunja uso. "Kama anaoshwa kila siku, huu si uchafu tu. Kuna ugonjwa mwingine ndani. Nitampiga sindano kali."

"Ataivumilia?" papa aliuliza.

"Alivyodhoofika hivi, sijui."

Maombi alitazama sindano. Kafupi alikuwa akitetemeka mikononi mwake.

"Daktari, usimpige," alisema. "Sikumwosha. Nilimwaga maji mgongoni tu. Nilidanganya."

Papa alifumba macho. Daktari aliweka sindano mezani.

"Vizuri umesema. Sasa najua ninachotibu. Vaa glavu."

"Miye?"

"Weye."

Daktari alinyoa manyoya, akatoa mabuu moja moja kwa kibano, Maombi akifuta usaha. Harufu ya samaki aliyeoza ilijaa chumbani. Maombi aligeuza kichwa, machozi yakimtoka.

"Daktari, weye hausikii kinyaa?"

"Nasikia, kila siku. Kinyaa kinatuambia: hapa kuna uchafu, uondoe, kisha unawe mikono. Weye ulikisikia ukakimbia, na uchafu ukabaki na mbwa."

Kafupi aliinua kichwa akalamba glavu ya Maombi iliyojaa usaha. Maombi alikunja uso, lakini hakuondoa mkono.

Kidonda kilifunga polepole. Sasa Maombi alimpunguza Kafupi manyoya ya tumboni, akamtoa kupe kwa kibano, akamkausha kila baada ya mvua, uso wake ukiwa umekunjamana kama mtu aliyetafuna kwinini. Jioni moja papa alichuchumaa kando yake.

"Mwanangu, kukunja uso si kosa. Hata mama yako alikunja uso alipokuwa akikusafisha ulipokuwa mutoto mudogo. Lakini kazi inayochukiza, ukisema umeimaliza na hukuigusa, haiishi. Inahamia kwenye mwili wa mwingine."

Maombi alikamua kitambaa. Maji meusi yakatiririka hadi miguuni pake.

"Nimesikia, papa," alisema, akamgeuza Kafupi upande wa pili.