Fundi wa Suti na Saa Iliyohesabu Mara Mbili

Cherehani ya Fundi ndiyo iliyouamsha mtaa. Maduka mengine yakiwa bado yamefungwa, yeye alikuwa ameshakaa, mguu kwenye kanyagio la umeme, mikono ikisukuma kitambaa. Alishona mpaka mchana, akala palepale, akashona tena mpaka jioni. Hakuna aliyeweza kumwita mvivu, na yeye mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

Lakini daktari alimwambia presha imepanda, uzito nao umezidi, apunguze. Binti yake, aliyekuwa anajiandaa kuolewa miezi michache mbele, akamletea saa ya mkononi inayohesabu hatua. Akaiunganisha na programu ya simu inayohesabu kalori, yaani nguvu tunayoipata kwenye chakula na kuitumia mwilini.

"Baba, simu inauliza shughuli zako," alisema. "Hukaa sana, hutembea kiasi, au kazi nzito?"

"Nikae sana mimi? Nimekusomesha kwa kukaa?"

Binti alicheka. Fundi akabonyeza mwenyewe: kazi nzito.

Alianza kwa moyo mmoja. Kila jioni alifunga duka, akatembea mpaka uwanja wa mpira na kurudi, jasho likimtoka. Saa iliyapeleka matembezi hayo kwenye simu, na simu ikamwongezea chakula. Hakula hata kijiko zaidi ya alichoruhusiwa. Siku moja mkewe alimkuta akipakua sahani ya pili, akamuuliza kulikoni.

"Simu imeruhusu, mama."

"Basi na tumbo hilo ulionyeshe simu, mimi nimechoka kulitazama."

Fundi aliendelea kupakua. Alikuwa na uhakika. Alijikatia suti ya harusi kwa kiuno alichotarajia kuwa nacho. Tena, asije akashawishika kuitanua, alikata kitambaa chote cha akiba kwenye mishono. "Nitakushika mkono siku hiyo nikiwa ndani ya suti hii," alimwahidi binti yake.

Baada ya miezi miwili aliijaribu. Kifungo na tundu lake vilitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Kliniki nako mizani ikasema ameongezeka. Fundi aliumia sana. Alikuwa amefuata kila alichoambiwa.

"Itanue tu," mkewe alisema.

"Hakuna cha kutanua. Nilikata chote."

"Mganga hajigangi," mkewe alisema, lakini kwa huruma. Fundi akaivua saa, akaitupa kwenye droo ya vifungo.

Kesho yake alikuja jirani yao, mtaalamu wa lishe wa kliniki, kuchukua sketi yake. Alipofungua droo kutafuta kifungo cha sketi ile, Fundi aliiona saa, akashindwa kunyamaza. Akamweleza yote. Yule mama akaomba kuona simu.

"Fundi, nani kakwambia unafanya kazi nzito?"

"Mgongo wangu."

"Mgongo unachoka, sikatai. Lakini kuchoka ni kitu kimoja, na mwili kuchoma chakula ni kingine. Kazi nzito ni ya anayebeba saruji kutwa. Wewe unakaa. Hilo si tusi."

"Na matembezi yangu je?"

"Ni mazuri, endelea nayo. Ila ulipochagua kazi nzito, simu ilikupa tangu asubuhi chakula cha mtu anayehangaika kutwa. Jioni ukatembea, saa ikakuongezea kingine juu yake."

Fundi alitazama futi yake ya kupimia iliyoning'inia shingoni.

"Ni kama nimpime mteja juu ya koti zito, halafu niongeze tena nafasi ya koti."

"Nguo inakuwaje?"

"Gunia," alisema Fundi, na wote wawili wakacheka.

"Sasa chagua 'hukaa sana', na saa ikuongezee kile ulichotembea tu. Asiye na saa achague kiwango cha siku yake nzima, matembezi yakiwemo, halafu asiongeze kitu. Ni njia moja kati ya hizo, si zote mbili. Na saa hukisia, kwa hiyo usile nyongeza yote. Jipime kila wiki. Wiki kadhaa zikipita bila uzito kushuka, punguza chakula kidogo. Dawa za presha usiziguse bila daktari."

Kidole cha Fundi kilisita juu ya maneno yale mawili. Kisha akabonyeza.

Sahani ya pili ikatoweka mezani. Mboga zikaongezeka, na njaa haikumshinda. Kila alipomaliza suruali moja aliinuka, akaenda mpaka kona ya mtaa, akarudi. Uzito ulishuka polepole, na kliniki wakamwambia presha imetulia.

Siku ya harusi, binti mwenyewe ndiye aliyemfunga baba yake kifungo. Kiliingia.

"Unapumua, baba?"

"Napumua, na nafasi ya kucheka imebaki."

Mlangoni pa ukumbi, kaka wa mkewe alimtazama juu hadi chini. "Shemeji, umepungua kweli. Siku hizi unafanya kazi gani nzito?"

Fundi alimshika binti yake mkono, akanyoosha koti lake.

"Mimi?" alisema, kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma. "Mimi ni mtu wa kukaa."