Gunia la Michembe Lililozuiwa Mpakani

Nyumbani kwa Bibi Mbuke, huko Ushirombo, msafiri haondoki mikono mitupu. Ukienda sokoni, utafungiwa karanga. Ukienda Kahama, utapewa kuku. Mwanawe Felician alikuwa dereva wa lori, na mizigo yake ilikwenda Rwanda. Huyo alipewa gunia.

Asubuhi moja ya mwaka 1984, lori lilisimama mbele ya nyumba likiwa limejaa mabati. Felician alikuwa akikagua matairi. Mama yake akatokea nyuma ya nyumba, penye kihenge cha kuhifadhia chakula, na gunia kichwani. Ndani mlikuwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikakauka.

"Mama, gunia zima? Mimi naenda siku nne tu."

"Siku nne za ugenini ni mwezi. Tena nimekuchotea ile ya chini kabisa ya kihenge. Ya zamani ndiyo mitamu."

Felician hakubishana. Nani abishane na mama yake barabarani huku majirani wanatazama? Akalisukuma gunia nyuma ya kiti.

Mkewe Justina alikuwa na neno moja tu. "Baba Anisia, Jumamosi wakwe wanakuja kumposa binti yako. Wanataka kuongea na wewe."

"Ijumaa nitakuwa hapa."

Felician alifika mpakani, kwenye daraja la mto Kagera. Mkaguzi wa mimea, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, akamuuliza, "Dereva, una chakula chochote cha kwako?"

"Sina."

Felician hakuona kama amesema uongo mkubwa. Mabati ni ya tajiri, hayo lazima yaandikwe. Lakini viazi vya mama yake vinamhusu nani?

Mkaguzi akafungua mlango wa lori. Sakafu ilikuwa na vumbi jeupe kama unga. Akaligusa kwa kidole.

"Kama huna chakula, huu unga umeshuka kutoka mbinguni?"

Akalivuta gunia, akamwaga michembe juu ya turubai. Vipande vilikuwa na matundu matundu. Vidudu vyeusi, vidogo kuliko punje ya mtama, vikaanza kukimbia huku na huku.

"Unamjua huyu?"

"Ni wadudu tu, mama."

"Huyu ni dumuzi. Anakula mahindi makavu, muhogo mkavu, michembe, hata mbao anatoboa. Gunia hili likivuka daraja, msimu ujao vihenge vya watu ng'ambo vitajaa vumbi."

"Lakini ni chakula changu mwenyewe! Siuzi!"

"Dumuzi hajui chakula ni cha nani."

Gunia likachomwa moto. Kisha mabati yote yakashushwa. Lori likafagiwa, likapuliziwa dawa, na mabati yakapakiwa tena. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Felician alirudi Ushirombo Jumatatu.

Justina alimpokea na maji ya kunawa, na habari.

"Walikuja. Mzee Otmar na ndugu zake wanne. Wakala kuku wawili, wakakusubiri mpaka jioni. Mzee akasema, 'Tulikuja kuongea na baba wa binti, si na kuku wake.'"

"Wamekataa?"

"Wametupa Jumamosi moja tu, wiki mbili zijazo. Wasipokukuta, wanakwenda kuposa Runzewe."

Felician akakaa chini. Safari iliyofuata ilikuwa ya wiki hiyo hiyo ya posa. Angezuiwa tena mpakani, posa ingekwisha.

Anisia hakuwa binti wa kulia pembeni. Alimgeukia bibi yake. "Bibi, michembe yako itanizeesha hapa hapa nyumbani!"

"Michembe yangu imekosa nini?"

Felician akaeleza yote. Bibi Mbuke akapiga makofi kwa mshangao.

"Wamechoma chakula? Watu wazima, wenye akili zao? Basi safari ijayo nitakufungia gunia jingine. Ulifiche vizuri zaidi."

Felician alimtazama mkewe. Justina alijifunga kanga vizuri, akaenda moja kwa moja nyumba ya tatu kumwita bwana shamba.

Bwana shamba aliitwa Maduhu. Alikuja akisukuma baiskeli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe umekuja kuchoma?"

"Nimekuja kusikiliza."

Maduhu akakiendea kihenge, akaegemeza sikio kwenye ukuta wake wa fito na udongo. "Bibi, njoo na wewe usikilize."

Bibi Mbuke alidhani anataniwa. Lakini akaweka sikio. Mwanzoni hakusikia kitu. Halafu akasikia kr, kr, kr. Ilikuwa kama watoto wengi wanatafuna miwa mahali pa mbali. Akasogea chini, kr, kr, kr. Akazunguka upande wa pili, kr, kr, kr.

Akaruka nyuma. "Yaya! Hapana! Wako wangapi humo?"

"Maelfu. Bibi, kihenge hiki kiliisha lini mara ya mwisho?"

"Hakijaisha tangu nilipoolewa! Ni mwiko. Ukikwangua chini ya kihenge, umeita njaa. Kila mwaka naongeza mahindi mapya na michembe mipya juu ya vile vya zamani."

"Basi dumuzi anakaa pale chini anakusubiri. Kila mwaka unampelekea chakula kipya. Anakushukuru sana."

"Bibi, kumbe wewe ni mfugaji!" Anisia akasema.

Wote wakacheka, isipokuwa Bibi Mbuke. Aliweka tena sikio kwenye kihenge chake. Kisha naye akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Nilikuwa naogopa kuita njaa," akasema. "Kumbe imo ndani tayari, inatafuna. Leteni ngazi!"

Kesho yake familia nzima ilifanya kazi. Walitoa kila kitu, wakakwangua kihenge mpaka chini. Mabaki na michembe iliyotobolewa vikachomwa moto. Mahindi mazuri wakayapukuchua, kwa sababu dumuzi hupenda yale yaliyo kwenye magunzi. Wakayaanika mpaka yakakauka kabisa, wakayachanganya na dawa ya unga kwa kipimo alichokionyesha Maduhu. Michembe mipya ikapewa mahali pake, mbali na mahindi. Kihenge kikakandikwa upya, nyufa zote zikazibwa.

"Sasa chakula cha safari," akasema Felician.

"Chakula cha njiani kiwe kimeiva," Maduhu akajibu. "Usibebe nafaka nzima, wala mbegu, wala kitu chenye udongo. Usibebe nyama mbichi wala maziwa mabichi. Magonjwa ya ng'ombe husafiri humo. Na ukifika, mwonyeshe mkaguzi kabla hajakuuliza. Akikuambia acha, acha. Yeye ndiye anayejua sheria ya siku hiyo."

"Na kiwe kingi kiasi gani?" Bibi Mbuke akauliza.

"Cha safari tu. Kapu moja."

"Kapu langu au lako?"

"Bibi!"

Jumatatu ya wiki ya posa, Felician aliondoka na kapu dogo. Lilikuwa na maandazi, karanga za kukaanga na chai ndani ya chupa. Viazi vya kuchemsha alivila vyote kabla ya kufika mtoni.

Kwenye daraja alishuka mwenyewe, akalipeleka kapu mezani.

"Mama, nina chakula changu. Ni hiki hapa."

Mkaguzi alimkumbuka. Akafunua kapu, akatazama. Kisha akapanda ndani ya lori, akachungulia nyuma ya kiti. Hapakuwa na kitu.

"Gunia liko wapi?"

"Mama yangu amestaafu magunia."

Mkaguzi akacheka kwa sauti yake kubwa. "Pita, dereva. Msalimie sana."

Injini ilikuwa haijapoa hata kidogo.

Alhamisi jioni lori lilikuwa tayari mbele ya nyumba. Jumamosi Mzee Otmar alifika na ndugu zake. Safari hii baba wa binti alikuwa mlangoni, amevaa shati jeupe. Maneno yakaanza. Walivutana kuhusu ng'ombe mpaka kuku wakaiva, wakavutana tena mpaka kuku wakaisha. Mwishowe Mzee Otmar akanyoosha mkono, Felician akaushika. Ndoa ingefungwa parokiani baada ya mavuno. Justina akapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani. Anisia, aliyejificha jikoni tangu asubuhi, akajibu kwa kigelegele kirefu zaidi, akasahau kabisa kwamba bibi harusi hutakiwa kuona haya.

Kabla wageni hawajaaga, walisikia mkoromo. Felician alikuwa amelala kwenye kiti, kinywa wazi. Justina akataka kumwamsha kwa aibu.

Mzee Otmar akamzuia. "Mwache alale, mama. Sisi tulitaka awepo, na yupo."