Mshahara wa Asiyeondoka

Kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, Kipimasoko kiliwaka ukutani mwa ofisi ya walimu wa Sekondari ya Isengo, jijini Mbeya, na majina ya walimu ishirini na sita yakajipanga kwenye kioo chake, kila jina na mshahara wake wa wiki. Mashine hiyo ilifungwa katika shule zote za serikali mwaka ule wakubwa walipochoka kubishana na walimu. Ilipima ni wangapi wanautaka ualimu na wangapi wanauweza, viwanda vinalipa nini, vituo vya setilaiti kule mlima Loleza vinamtafuta nani. Kisha ikampa kila mwalimu bei yake. Walisema haina ndugu wala rafiki, na ilikuwa kweli.

Mwalimu Sekela Mwambete alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na tisa. Jina lake lilikuwa la mwisho.

"Tena?" akasema Nditi, kijana wa kemia mwenye mwaka mmoja kazini. Yeye alikuwa wa tatu kutoka juu, na aliona haya. "Mwalimu, hii mashine mbovu. Tumwite fundi."

Fundi, Bwana Kihaule, alifika Alhamisi. Alifungua mgongo wa Kipimasoko, akachungulia, akafunga.

"Haina kasoro, mama. Ila ina kipimo kimoja ambacho wakubwa hawapendi tukieleze: kipimo cha uondokaji. Inaangalia unatoka saa ngapi, unakaa na wanafunzi kiasi gani baada ya kipindi, unavyoongea darasani. Nditi anaweza kuondoka kesho, kwa hiyo inambembeleza. Wewe huondoki. Sasa ikuongezee ya nini?"

"Yaani naadhibiwa kwa kuipenda kazi."

"Haiadhibu. Inabana matumizi."

Sekela alicheka kicheko kikavu. "Basi kuanzia kesho natafuta kazi, iniogope."

"Wengi wamejaribu, mama. Maigizo inayajua."

Kweli hakujaribu. Alirudi kwenye vipindi vyake, miezi ikapita. Aliacha kupanda gari-sumaku, akawa anatembea saa nzima kwenda na kurudi. Jioni alishona sare za watu ili mwanawe abaki chuoni. Uchovu ulimwingia taratibu, kama unyevu unavyopanda ukutani. Hukuti siku ulipoanza. Daftari alizokuwa akizisahihisha kwa maelezo marefu akaanza kuzitia alama za vema tu, basi.

Jumatatu moja ya Julai, baridi ikiuma, aliingia ofisini akakuta wenzake wanapiga makofi. Jina lake lilikuwa la kwanza. Mshahara ulikuwa umeongezeka mara tatu.

"Hatimaye imekuona, Mwalimu!" Nditi alisema, akimshika mikono yote miwili.

Sekela alitoka nje akampigia Kihaule simu. "Nani ameigusa hii mashine?"

"Hakuna, mama. Umepata kazi kwingine?"

"Sijaomba popote. Sijawaza hata kuomba."

"Basi imeona kitu," Kihaule alisema kwa upole. "Pole, mama."

Aliingia kidato cha tatu. Somo lilikuwa kupinda kwa mwanga. Binti mmoja wa mbele, Tumpe, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini kijiti kwenye maji kinaonekana kama kimevunjika?"

Zamani swali kama hilo lingemfanya Sekela aagize ndoo ya maji na kuwaacha wabishane mpaka kipindi kiishe.

"Jibu limo kitabuni. Nakili, tuendelee."

Mkono wa Tumpe ulishuka polepole. Sekela aliuona ukishuka, akatamani kuuita urudi juu, kisha akafungua ukurasa unaofuata.

Wakati wa mapumziko aliandika barua ya kuacha kazi, mistari minne. Mkuu wa shule, Bi. Mwaisumo, aliisoma, akavua miwani.

"Sekela, leo ndiyo wamekupandisha, leo ndiyo unaondoka?"

"Nimeshaondoka, Mkuu. Sijui lini. Mashine imejua kabla yangu."

Bi. Mwaisumo alisoma barua mara ya pili, kana kwamba kulikuwa na mstari mwingine nyuma yake.

"Na kidato cha tatu? Nani atawamalizia?"

"Sijui," Sekela alisema. Akasubiri jibu hilo limuume, kama lilivyopaswa. Halikumuuma.